Mpira Ndani ya Joho Jekundu

Kwanza niseme wazi: mimi sinema za mashujaa wanaopaa sizipendi. Mtu mzima kavaa suruali ya kubana na joho mgongoni, anaruka ghorofa hadi ghorofa, hana jasho, hana njaa, hana mama mkwe. Hainiingii akilini. Lakini ile sinema ya Joho Jekundu niliifuatilia kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu ndani ya lile joho alikuwamo mdogo wangu.

Tunamwita Mpira. Jina alilopewa na marehemu mama limebaki kwenye kitambulisho tu. Tangu anajifunza kutembea alikuwa anaanguka na kuinuka anacheka. Alianguka kutoka juu ya kabati, juu ya ukuta wa jirani, juu ya paa la shule, na kila mara mimi ndiye niliyekimbia huku napiga yowe, nikamkuta kakaa anapangusa magoti. "Dada, umeona nilivyodunda?" Nilikuwa namzaba kofi kwanza, ndipo namkagua kama kuna palipovunjika.

Baba yetu ni fundi mwashi. Siku hizi amestaafu, macho yamechoka, lakini ukipita naye barabarani atakuonyesha kuta alizosimamisha yeye, na za wenzake zilizopinda. Alitaka Mpira ashike mwiko wake. Mpira akaushika kwa muda, akapanda majukwaa, akapaka rangi maghorofa, halafu siku moja watu wa sinema wakamwona anaruka kutoka jukwaani hadi kwenye rundo la mchanga, kwa uvivu tu wa kushuka ngazi. Wakamuuliza kama anaweza kurudia. Na yule naye, umwambie rudia! Alirudia mpaka msimamizi wa ujenzi akamfukuza.

Basi ikawa ndiyo kazi yake, kuanguka badala ya watu. Nyota wa sinema akitakiwa kutupwa dirishani, anasimama pale dirishani anapigwa picha kakunja uso, kisha anakwenda kukaa kivulini na soda yake. Anayetupwa ni Mpira, kavaa nguo zilezile. Chini wanapanga maboksi matupu, safu juu ya safu, na juu yake godoro. Ukiangukia katikati kwa mgongo, maboksi yanabonyea taratibu na kukupokea. Ukiangukia pembeni, shauri yako. Na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba uso usionekane. "Uso ni wa nyota, dada," alikuwa akiniambia, "mgongo ndio wangu." Alijizoeza uani kwangu kila asubuhi, akiruka kutoka juu ya tangi la maji, mkono umeshafika usoni kabla miguu haijaacha tangi. Ikafika mahali hata akijikwaa mlangoni mkono unapanda wenyewe.

Baba hakutaka kusikia. "Mimi nimejenga maisha yangu yote ili watu wasianguke," alisema, "mwanangu analipwa aanguke." Kisha akageukia redio yake.

Ndipo ikaja kazi ya Joho Jekundu. Shujaa alitakiwa kuruka kutoka kwenye paa la kiwanda cha zamani, na hapakuwa na mwingine mjini wa kuruka pale ila Mpira. Alikuja kuniaga ana furaha kama bwana harusi. "Hii baba lazima aione, dada. Nitakaa naye, nimwambie, baba, yule ni mimi, tazama kazi."

Alipoacha paa, joho likanasa kwenye chuma, likamzungusha hewani. Nimemuuliza mara nyingi ilikuwaje, na ananijibu vilevile kila mara. Mtu mwingine yeyote angenyoosha mikono, angedaka chochote, angejikunja. Yeye alipozungushwa aliiona kamera kule chini imemkodolea macho, na mkono ukapanda usoni. Akaangukia ukingoni mwa maboksi, nyonga ikapiga sakafu. Jamani! Mtu anakwenda kuvunjika, kazi yake ni kuficha uso asimharibie nyota picha! Linaniuma mpaka leo, na kumgombeza siwezi, kwa sababu mkono ule ulikuwa hausikii tena la mtu.

Wale watu wakampeleka hospitali, wakamwambia muuguzi kwamba ameteleza kwenye ngazi za nyumba ya wageni. Walikuwa wanajikinga, wanaharamu wale, wasije wakaulizwa. Baba alipofika akamkuta Mpira hana fahamu, naye akaambiwa hivyohivyo, ngazi na nyumba ya wageni. Na Mpira ujanani alikuwa akionja. Baba akajumlisha mwenyewe. Akakaa kwenye benchi akasema, "Pombe. Nilijua tu." Tangu siku hiyo hakuna aliyemtoa kwenye neno hilo. Mpira alipozinduka akaeleza, mimi nikaeleza, wifi yangu akaeleza huku analia. Baba alitusikiliza wote, halafu akauliza, "Mmemaliza?"

Mpira alitoka hospitali na fimbo. Nyonga imeunga vibaya, mguu mmoja anauburuta, kuruka tena basi. Yeye na mkewe wakahamia chumba cha nyuma kwa baba. Kila asubuhi baba na mwana walikunywa chai kwenye meza moja kama abiria wasiojuana. Mpira akisemeshwa, ni "wewe." Wewe, sogeza kikombe. Wewe, funga mlango. Zamani alikuwa akiitwa mwanangu, hata siku za ugomvi.

Sinema ikatoka. Duka langu la kushona limepakana na kinyozi, kati yetu ni ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kila kinachosemwa kwa kinyozi kinasemewa sikioni mwangu. Wiki zile hapakuwa na habari nyingine. Muuza gesi aliapa hajawahi kuona sinema tamu namna ile, ameiona na kuirudia. Kinyozi akasema ni takataka, shujaa anaongea kuliko anavyopigana, na joho lenyewe pazia tupu. Mwalimu wa hesabu akasema mwanzo ni mzuri ila mwisho wameukimbiza mno. Mwingine akataka adui ndiye ashinde, maana mule ndani ndiye peke yake mwenye akili. Walibishana hata kinyozi akamwacha mteja kanyolewa nusu kichwa.

"Na pale anaporuka kutoka paa la kiwanda?" muuza gesi akauliza. "Hapo nako mnasemaje?"

"Pale ni kompyuta," kinyozi akajibu. "Mtu gani anashuka kama unyoya? Halafu kuna fulani alituambia ni yeye!"

Wakaangua kicheko. Mimi mdomo wangu hauna kufuli. Nikatoka na futi shingoni na mkasi mkononi. "Huyo fulani ana kwao," nikawaambia, "na nyonga yake imevunjikia hapohapo mnapopaita kompyuta. Haya hamna?"

"Dada fundi, tulia," kinyozi akasema, akiutazama mkasi. "Tumekodoa macho mpaka mwisho. Hatukumwona."

Nikaenda kuitazama mwenyewe. Kweli hakuwamo. Walikuwa wamekata mruko wake wakaweka mtu wa kompyuta, na hata yale majina yanayokimbia mwishoni yalipita yote bila jina lake. Baba aliposikia alisema neno moja tu, "Ngazi," akaendelea kumenya chungwa lake.

Mpira akampigia simu msimamizi wa sinema, akapiga na kupiga mpaka ikapokelewa. Nilimwona anakuja dukani kwangu na fimbo yake, anaharakisha hata akanitia hofu. "Dada, nimo! Amesema toleo la majumba ya sinema walilipunguza, lakini hili la kuangalia nyumbani limeongezwa vipande. Amesema, umo bwana, utajiona." Akanionya nisimwambie baba mpaka diski ipatikane. Jioni haijafika, kashamwambia mwenyewe.

"Utaona kwa macho yako, baba. Paa la kiwanda. Naruka, joho linanasa, naanguka. Ukishaona hivyo, utajua kama ni ngazi au si ngazi."

Baba akaizima redio yake. "Nikiona," akasema, "nitakuomba radhi mbele ya watu." Na baba yangu akishasema amesema. Ukuta akikuahidi utasimama Ijumaa, Ijumaa unauegemea. Nilimwona Mpira akigeuka kutazama dirishani, na mimi nikajitia natafuta sindano chini.

Diski ilipotoka, aliyeinunua ni kinyozi, halali kabisa na kasha lake. Nadhani ule mkasi ulimwingia. Jumapili mchana tukajaa sebuleni kwa baba, kinyozi, muuza gesi, mwalimu wa hesabu, wifi na mimi. Wengine walikaa mikekani, wengine kwenye mikono ya makochi. Mpira alikuwa amenyoa, kavaa shati nililomshonea kwa siku hiyo, kakaa kiti cha ubavuni mwa baba, rimoti mkononi.

Sinema ikaanza na ubishi ukaanza upya. Muuza gesi akasema nyumbani inanoga zaidi. Kinyozi akasema ubaya ni uleule, sasa umeletwa karibu. Mwalimu akawaomba wanyamaze, halafu yeye ndiye akaongea kuliko wote. Lilipofika paa la kiwanda, akaruka yuleyule mtu wa kompyuta. Baba akamtazama Mpira kwa pembe ya jicho.

"Bado, baba. Vipande vya ziada viko mwishoni."

Mwishoni pakatokea maandishi makubwa ya rangi rangi: Tucheke Kidogo. Wakapiga muziki wa tarumbeta, ule wa kufanyia watu mzaha. Nyota akasahau maneno akacheka. Adui akajikwaa kwenye waya. Mlango ukagoma kufunguka, wakausukuma, ukaanguka wote. Sebuleni watu wakaanza kuchangamka, hata baba akatabasamu.

Halafu nikaliona paa la kiwanda.

Mtu mwenye joho anaruka. Joho linanasa, linamzungusha, mkono unapanda usoni. "Baba!" analia, na sauti yake wameivuta ikawa nyembamba, ya katuni. Anafika chini, wamebandika mlio, pwaa! Kisha wakamrudisha nyuma, akapaa kinyumenyume mpaka paani, wakamwangusha tena. Baba! Pwaa! Na mara nyingine tena, sasa taratibu, tarumbeta likimfuatisha. Mwisho akatokea nyota na soda yake mkononi, akatukonyeza.

Sebule nzima ilicheka. Kinyozi alijipiga mapaja. Muuza gesi alipaliwa na chai. Na baba, baba yangu ambaye hata tabasamu alikuwa analitoa kwa mkopo, alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. "Eti baba!" akasema. "Mtu mzima na joho lake, anamlilia baba yake!"

Wifi alikuwa hacheki. Nilitaka kuvunja ile televisheni. Nilitaka kumtafuta yule msimamizi nimkate ulimi kwa mkasi wangu wa vitambaa. Kweli hakudanganya, kuwamo yumo, tena wamemtia mara tatu ili tumwone vizuri.

Kicheko kilipokuwa kinapungua, baba akavaa miwani. Uso ukaanza kumbadilika. Akamgeukia Mpira polepole.

"Lile joho," akasema. "Si ulisema lilinasa? Paa la kiwanda... Ndiye wewe huyo?"

Hilo ndilo swali ambalo mdogo wangu aliliombea tangu alipozinduka hospitali. Neno moja tu, ndiyo, na baba angesimama pale mbele ya kinyozi na mwalimu akaomba radhi, maana alikwisha kusema. Mpira akamtazama baba, machozi ya kicheko bado yako mashavuni. Akawatazama wale watu, midomo yao bado haijafunga vizuri.

"Hapana, baba," akasema. "Huyo ni mwingine. Mimi wamenikata."

Nikainuka. "Baba, huyu..."

"Dada," Mpira akanikatiza, "niletee maji ya kunywa. Nakuomba."

Hakunitazama, lakini ile sauti naijua. Nikafunga mdomo, na sijui niliufunga vipi.

Baba akashusha pumzi. Nadhani alishukuru. Akampiga Mpira begani, yeye ambaye hakuwa amemgusa tangu siku ya hospitali. "Basi yaishe," akasema kwa upole. "Ngazi ni ngazi. Nimekusamehe, tusirudie tena maneno hayo." Kisha kicheko kikamjia upya, akaelekeza kidole kwenye televisheni. "Hebu rudisha pale kwa yule mjinga, mwanangu. Nicheke tena."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na glasi ya maji. Mpira akabonyeza rimoti, akarudisha. Mtu wa joho akaruka, akamwita baba yake, wakacheka wote, na mdogo wangu naye mabega yakawa yanatikisika kama wao. Kama alikuwa anacheka au analia siwezi kusema, maana mkono ulikuwa umeshafika usoni.