Ngano ya Katikati ya Shamba

Jua linachungulia juu ya miti ya mipopla, na Genka Rusinova amekwisha kuinama mara arobaini. Ana miaka hamsini na tisa na goti moja zima, na anahesabu matundu ya panya.

Jana jioni aliyaziba yote kwa kisigino cha buti. Leo anatazama yapi yamefunguliwa. Tundu lililofunguliwa lina mwenyewe ndani. Lililobaki limezibwa ni nyumba isiyo na mtu, na za namna hiyo kijiji cha Karapelovo kinazo nyingi hata bila panya.

"Thelathini na moja," anasema, na kuandika kwa penseli aliyoifunga kamba shingoni. "Hawa wamelala vizuri kuliko mimi."

Genka ni mkagua mashamba wa ushirika wa Karapelovo, huku kwenye nyanda za Dobruja. Kila theluji inapoyeyuka, yeye ndiye anayepita kwenye ngano iliyopandwa Oktoba kuona imetokaje kwenye baridi, imeshikwa na ukungu gani, imetafunwa na nani. Mwishoni anasema neno moja kati ya mawili: iachwe, au igeuzwe chini ipandwe alizeti.

Kwa kazi hiyo analipwa leva mia saba na themanini kwa mwezi, Februari hadi Juni. Miezi mingine anaishi kwa pilipili zake na bata wake.

Mwaka jana alisema iachwe.

Hapa ngano haiaminiwi kwa macho. Katikati ya Februari mtu anakata pande la udongo pamoja na ngano yake, kama anayekata keki, analitia kwenye kasha na kuliweka ndani penye joto. Zikipita siku kumi na nne, iliyo hai imechipua. Iliyokufa imeanza kunuka.

Na tangu babu zao, watu wa Karapelovo hukata mapande hayo kando ya mipopla inayozuia upepo. Pale theluji hurundikana, udongo hubaki laini, sepetu inaingia bila matusi. Katikati ya shamba udongo ni chuma. Nani atakwenda kuupiga shoka wakati kando pako wazi?

Tatizo ni kwamba theluji inayolainisha udongo ndiyo hiyo hiyo inayoifunika ngano kama blanketi. Ya kando ililala imejifunika. Ya katikati ililala uchi, na hakuna aliyekwenda kuitazama.

"Makasha yangu yalikuwa ya kijani kama majani ya kitunguu," anakumbuka Genka. "Nikayatembeza kijiji kizima kama mtu aliyepata mjukuu."

Kufika Aprili, katikati ya mashamba palikuwa pa manjano, kisha pakawa na upara. Familia zinazokodisha ardhi yao kwa ushirika na kulipwa unga zilipata nusu gunia kila moja. Kati ya familia themanini na moja, ishirini na saba zilihamishia ardhi kwa mpangaji mkubwa wa mashamba, mtu wa mjini.

Huyo mpangaji ni mtu mpole sana. Anasalimia hata mbwa. Anasubiri tu.

"Ushirika ukifa, watasema umekufa kwa panzi, kwa ukame, kwa serikali," anasema Genka. "Mimi najua umekufa kwa uvivu wangu wa kutembea hatua mia nne."

Mwaka huu Januari ilinyesha mvua, kisha baridi ikaikamata ikiwa bado maji. Barafu ilikaa juu ya ngano siku kumi na tisa. Genka alimchukua mumewe Mincho, dereva wa trekta la ushirika, wakaenda katikati kabisa ya mashamba na shoka na mtaimbo. Walivunja mpini mmoja, na ndoa ikaponea chupuchupu.

Makasha sita, matatu ya kando na matatu ya katikati, yalikaa dirishani jikoni. Kwa kuwa ilikuwa karibu na siku ya kwanza ya Machi, ambapo kila mkono hapa hufungwa uzi mwekundu na mweupe wa kuombea afya, Genka aliuchambua uzi wake. Mweupe akaufunga kwenye makasha ya kando, mwekundu kwenye ya katikati.

"Uzi huo hautenganishwi, mama," Mincho alimwonya. "Unaita mkosi."

"Mkosi ulishafika. Nataka kujua umekaa wapi."

"Umekaa dirishani kwangu. Miaka thelathini na sita nakunywa kahawa nikitazama nje. Sasa natazama udongo."

Siku ya kumi na nne makasha ya uzi mweupe yalikuwa ya kijani, ingawa chini yake ukungu wa rangi ya waridi ulikwisha kutanda. Ya uzi mwekundu hayakutoa kitu. Genka alichomoa mche mmoja, akaupasua kwa ukucha pale mzizi unapokutana na jani. Ulio hai huwa mweupe ndani kama yai la kuchemsha. Huu ulikuwa wa rangi ya chai.

Jumapili akayabeba makasha hadi ukumbi wa kijiji. Jiko la kuni lilikuwa baridi, watu wameketi na makoti yao. Genka akasema neno la pili: ya katikati yote igeuzwe, hekta mia moja na arobaini.

Kelele ikaanza upande wa wazee.

"Mwaka jana ulituambia iko hai, ikafa," alisema Bibi Yordana, mwenye miaka sabini na minane na sauti ya bata bukini. "Mwaka huu unatuambia imekufa. Tukiisubiri kidogo si itafufuka?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa ushirika, Kalin, hakucheka. Akasema ukipita barabarani unaona kijani, na mpangaji naye anapita barabarani. Akiona trekta linageuza ngano, kesho atakuwa mlangoni kwa watu.

"Barabarani unaona ya kando," Genka akajibu. "Mimi mwaka jana niliona hiyo hiyo, mwenyekiti. Bibi Yordana, twende ukachague mwenyewe pa kuchimba. Mimi sitashika sepetu."

Wakaenda, watu kama ishirini, kwenye tope. Bibi Yordana alipita mipopla, akapita kijani, akaendelea hadi wengine wakaanza kuhema. Akavua kitambaa cha kichwa, akakirusha. Kikaangukia mahali, Mincho akachimba hapo.

Bibi Yordana aliupasua mche kwa ukucha wake mwenyewe. Akautazama. Akapasua wa pili, wa tatu, wa saba. Hakuna aliyemharakisha.

"Maskini," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Haikupata hata blanketi."

Walirudi ukumbini, wakapiga kura. Familia thelathini na tatu kati ya hamsini na nne zilikubali igeuzwe. Mwaka huu watalipwa mafuta ya alizeti badala ya unga.

"Hayo mafuta tutayapaka kwenye mkate gani?" Bibi Yordana aliuliza akiwa mlangoni. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumanne Mincho alipanda trekta na kugeuza ngano aliyoipanda mwenyewe Oktoba. Jumatano mpangaji alionekana kijijini, akasalimia mbwa.

Genka sasa anaketi mlangoni kwake jioni na kisu, akichonga fimbo za mti wa mhazeli. Anataka arobaini. Oktoba, kabla ya theluji, atazisimika katikati ya kila shamba, kila moja na uzi mwekundu. Februari atakayekuja kukata mapande, awe yeye au mwingine, atalazimika kukata penye fimbo.

"Hata nikiwa mvivu, fimbo zitaniona," anasema.

"Na Oktoba ushirika ukiwa haupo?" Mincho anamuuliza kutoka dirishani, na kikombe chake cha kahawa mkononi.

Genka anapuliza maganda yaliyomwangukia pajani.

"Zitashikilia miche ya nyanya," anasema, na kuchukua fimbo nyingine.