Shavu la Kushoto

Dada yangu alijua mwisho wa kila picha, na hakujua mwanzo wa hata moja.

Alikuwa mfagiaji katika jumba la sinema. Kazi yake ilianza pale majina yanapopanda kwenye kitambaa cheupe, watu wakipapasa chini kutafuta viatu walivyovivua gizani. Yeye na wenzake walisimama kwenye ujia, nyuma ya pazia zito la mlango, fagio mkononi, wakitega sikio. Muziki wa mwisho ukianza, wanaingia. Kwa hiyo alijua nani kaoa nani, nani kafa, nani kapanda meli huku analia. Ukimuuliza analia nini, anakujibu, "Mdogo wangu, hayo waulize wenye tiketi."

Mimi ni mtu wa sala, majumba ya namna hiyo sikuyazoea. Lakini dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na fagio lile ndilo lililonisomesha mpaka darasa la saba. Siwezi kulisema vibaya.

Mume wake, shemeji yangu, watu walimwita Tarumbeta. Ujanani alipiga chombo hicho katika bendi, wamevaa suti za rangi ya maziwa, viatu vimeng'aa hata unaweza kujitazama ukachana nywele. Kisha bendi ikavunjika kama zinavyovunjika bendi: mmoja kafa, mmoja kaoa, mmoja kaokoka. Shemeji akaenda kubeba magunia kwenye kinu cha unga. Jioni alirudi mweupe toka nyusi hadi kucha za miguu, na dada alimpokea mlangoni, "Karibu mzungu wangu." Wanacheka, anapewa maji ya kuoga.

Tulicheka miaka mingi bila kujua kwamba unga ule ulikuwa unaingia kifuani na kukaa. Mwisho akawa hawezi kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila kusimama katikati, mkono ukutani, akitafuta pumzi kama mtu aliyeangusha sindano. Tarumbeta yake ilining'inia kwenye msumari, imevishwa foronya. Alisema mwenyewe ivishwe, hataki kuiona.

Kifua kilikuwa ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa pili ulikuwa moyoni, nao ulimla zaidi.

Tarumbeta hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa santuri moja. Alipokuwa kijana alipanga chumba kwa fundi cherehani mwenye gramafoni, na miongoni mwa santuri za fundi kulikuwa na moja isiyo na jalada, karatasi yake ya katikati imechubuka, haisomeki hata herufi. Mtu mmoja anapiga tarumbeta humo, na kuna mahali sauti inapasuka kidogo, kama koo la mtu anayejizuia kulia. Shemeji aliisikiliza mpaka fundi akamwambia, "Wewe kijana, utainywa hiyo." Nani alikuwa anapiga, hakuna aliyejua. Kitu kimekuja kwa meli kutoka mbali. Shemeji akaamua ni mzungu, na miaka yote aliamini hivyo.

"Sisi tuliiga tu," alikuwa akisema, macho kwenye dari. "Mtu aliyeiga maisha yake yote, akifa, amekufa nani?"

"Amekufa mume wangu," dada anamjibu.

"Hilo halitoshi."

"Kwangu linatosha."

Anageukia ukuta. Dada ananitazama, mimi natazama kikombe changu.

Basi ikaja picha mpya pale jumbani. Siku ya kwanza muziki wa mwisho ulipoanza, dada aliinua pazia akaingia na fagio lake, na majina hayakupanda. Zilikuja picha mnato, za zamani, zenye ukungu, moja baada ya nyingine, na wote waliokuwemo walikuwa watu weusi. Mama mnene aliyepakata gitaa kama mtoto mwenye homa. Mzee kipofu na kinanda cha mdomo, kofia yake chini, tupu. Vijana wa suti za kufanana, wamejipanga kama meno. Akaja bwana mmoja mwembamba na tarumbeta, na katika vipaza sauti ikatoka ile sauti inayopasuka kidogo.

Dada akasimama katikati ya viti. Mwenzake akamsukuma kwa mpini, "Wee, umeona jini?"

"Nimemsikia mume wangu," dada akasema.

Jioni hiyo alimfuata Bwana Mwanga. Huyo ndiye aliyeendesha mashine ya kuonyesha picha, juu kwenye kijumba chake chenye kidirisha. Walimwita hivyo kwa sababu maisha yake yote alikaa gizani. Bwana Mwanga alimsomea maandishi yaliyofuata picha zile mnato. Kwamba waliotengeneza picha ile wanawashukuru watu hao. Kwamba ni wajukuu na vitukuu wa waliochukuliwa utumwani ng'ambo, na ndio waliouzaa muziki ule wenyewe, kwa vidole vyao na vifua vyao. Wengi walikufa bila kitu. Wengine hata kaburi halijulikani.

Dada alishukuru akaenda. Hakumwambia kwa nini anauliza. Yeye si mtu wa kubeba mambo ya nyumbani kwake kuyapeleka kazini.

Alifika kwake anahema. "Mwenzangu, amka! Yule wa santuri yako ni mweusi!"

"Nani?"

"Yule! Mweusi kama sufuria yangu hii. Nimemwona kwa macho haya."

Shemeji alimtazama kwa huruma. "Umefagia sana leo. Vumbi limekupanda kichwani."

"Naapa..."

"Usiape. Mgonjwa anajua anapofarijiwa." Akageukia ukuta.

Dada alisema naye siku ile na siku zilizofuata. Kila akirudi kazini alimweleza, na kila akimweleza, mgongo wa shemeji ulizidi kuwa mlango uliofungwa. Hapo dada akaona maneno hayatoshi, ni lazima mwenyewe aone. Na picha ilikuwa inakaribia kuondoka kwenda mji mwingine.

Alikuja kwangu siku ya mwisho ya picha hiyo. "Mdogo wangu, nishikie mkono mmoja, mimi nitashika wa pili."

"Dada, sinema? Mimi?"

"Hutazami. Unashika mkono tu."

Nikaenda. Niliomba toba njiani kabla hata sijatenda. Tulimkalisha shemeji kwenye mkokoteni wa jirani, tukamfunika shuka mpaka shingoni, na mwenye mkokoteni akauliza anapeleka nini. Shemeji akasema, "Gunia la unga. Polepole, limeshatoboka." Ndiyo mara pekee mwezi ule niliyomsikia akitania.

Hatukumwingiza tangu mwanzo. Kikohozi chake kingewachosha watu, nao wangempigia miluzi. Tena kwa dada picha ilikuwa ni mwisho wake. Mwanzo hakuufikiria kabisa. Tulipitia mlango wa nyuma, tukamweka kwenye benchi la wafagiaji, pale ujiani, tukangoja.

Sasa Bwana Mwanga alikuwa na wema wake mmoja. Mfagiaji akiwa na mgonjwa au msiba nyumbani, alimwashia taa za ukumbini mapema, bila kungoja yale ya mwisho yaishe, ili afagie upesi aende zake. Hakuna aliyemwomba, na wala hakutaka shukrani. Jioni ile alishuka kuchukua chai yake, akatukuta. Akamwona shemeji anavyovuta pumzi, akamwona dada ameshika fagio huku anatazama mlango kila mara.

"Pole sana, mzee," akasema.

"Nimeshapoa," shemeji akajibu.

Bwana Mwanga akapanda ngazi haraka haraka.

Muziki ukaanza. Dada akainua pazia, tukamsimamisha shemeji katikati yetu. Ile sauti ikatoka. Nilihisi vidole vyake vikikaza kwenye kifundo cha mkono wangu. Sikujua kama bado ana nguvu kiasi kile. Akanyoosha shingo atazame.

Taa zikawaka, zote.

Picha ya sinema haina ubavu mbele ya taa. Wale watu walikuwa pale kwenye kitambaa, najua walikuwa pale, lakini walifutika kama maandishi ya chaki yaliyomwagiwa maji. Watu wenye tiketi wakainuka, wakapita mbele yetu wakijinyoosha na kupiga miayo. Dada akaacha mkono wa mumewe, akakimbilia ngazi, anaita, "Zima! Bwana Mwanga, zima taa!" Taa zilipozimwa, mkanda ulikuwa umeisha. Tulisikia ncha yake huko juu ikipiga-piga, ta-ta-ta-ta.

Shemeji alibaki anatazama mbele. "Nimeona shuka," akasema.

Bwana Mwanga alishuka, na dada alipomweleza, alijishika kichwa. Gari la kuchukua mikanda lilikuwa limeshafika mlangoni, dereva anapiga honi. Alimsihi, na dereva akasema yeye ana safari. Makopo yakapakiwa.

"Dada yangu, nilidhani nakusaidia," Bwana Mwanga alisema. "Ungeniambia neno moja tu."

"Umenisaidia siku zote," dada akamjibu. Kisha akaingia kufagia, maana ukumbi ulikuwa mchafu, nami nikakaa na shemeji kwenye benchi, nikisali kimya bila kujua naomba nini.

Tuliporudi nyumbani shemeji alilala akageukia ukuta kama kawaida. Niliwasha jiko nikabandika chai. Dada hakuvua hata viatu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaanza kuhesabu watu wake. Hakuwa anamwambia mtu tena. Alisema kama mtu anayewaombea marehemu, mmoja mmoja, asisahaulike hata mmoja. Mama na gitaa lake. Kipofu na kofia tupu. Vijana wa suti.

"Halafu huyo wa tarumbeta," akasema. "Mwembamba. Mbaya wa sura, Mungu anisamehe. Kavimba shavu moja."

Mgongo wa shemeji ukatulia. Hata kikohozi kilinyamaza.

"Shavu gani?"

"La kushoto. La kulia limelala kabisa, bapa, utadhani ni la mtu mwingine aliyenyimwa chakula."

Shemeji akageuka. Alichukua muda, mkono kwanza, kisha bega. "Nani kakwambia habari hiyo?"

"Nimeiona. Nimekwambia nimeiona, nawe unanifanya mwehu."

Hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo hata dada hakuwahi kulisikia. Alipokuwa peke yake kwa fundi cherehani, aliitafuta ile sauti inayopasuka, akaikosa kwa kila njia. Ikamjia siku alipoacha shavu la kushoto livimbe na kulibana la kulia. Akaipata yenyewe hasa. Akaenda nayo kwenye bendi, na kiongozi wao mbele ya wote akamwambia, "Puliza kama watu! Unapuliza kama mwenye jipu." Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Kijana akaona haya. Akajinyoosha, akajifunza kupuliza kwa mashavu yote, kama watu.

"Na ile sauti sikuipata tena," alisema. "Miaka yote ile, nilipiga bila hiyo sauti."

Maji ya chai yalichemka yakamwagikia jikoni.

"Basi ni yeye," akasema. "Na ni mweusi."

"Kama sufuria."

"Kumbe nilikuwa sawa." Akalia. Mwanaume mzima, hana hata pumzi ya kutosha kulilia, ikabidi alie kidogo kidogo.

Aliomba tarumbeta. Dada akaivua foronya, akamshikia. Aliiweka midomoni. Shavu la kushoto likajaa, polepole, duara, la kulia likalala. Ilitoka hewa tu, kama ya mtu anayepooza chai. Alishusha chombo akamtazama mkewe.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," dada akasema.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha, asubuhi, dada akiwa anamchania nywele. Tulimzika vizuri. Bwana Mwanga alikuja, akasimama nyuma ya watu, na walipoanza kuondoka akamwomba dada picha yoyote ya marehemu akiwa na bendi. Dada alimpa ile moja aliyokuwa nayo.

Zamani jumba lile lilionyesha matangazo ya biashara kwa vigae vya kioo vilivyomulikwa na taa yake maalumu, sabuni, baiskeli, dawa ya meno. Taa hiyo ilikuwa imebaki kijumbani, imeshika vumbi. Bwana Mwanga alipeleka picha kwa mpiga picha, ikatiwa kwenye kioo, na siku aliyotuita alimwambia dada, "Leo usisimame ujiani. Ingia na wenye tiketi."

Ikawa mara ya kwanza dada kuingia mwanzoni. Alikaa kwenye kiti kama mgeni, mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Mimi nilikaa pembeni yake. Taa zikazimika, na pale mbele, wakubwa kuliko nyumba, wakatokea wale vijana wa suti za maziwa, na shemeji wa pili kutoka kulia, tarumbeta mdomoni.

Nyuma yetu mtu akauliza kwa sauti, "Tangazo gani hili? Wanauza nini hawa?"

"Suti!" mwingine akamjibu. Wakacheka.

Dada hakugeuka. Alikuwa anamtazama mumewe, na nilipomwegemea nilimsikia ananong'ona.

"Mashavu yote mawili," alisema. "Mtazame. Hapo walikuwa wameshamnyoosha."

Picha ikaondoka, filamu ikaanza. Dada akainuka, akawaomba radhi wenye tiketi waliokunja magoti kumpisha, akaenda ujiani kuchukua fagio lake na kungoja.