Petroli Iliniishia Chini ya Mlima wa Wakwe

Jamani, hii nawaambia kwa sababu nusu yake mmeshaisikia kwa mke wangu, na nusu ya mke wangu ndiyo ile yenye chumvi, basi afadhali mnicheke mkiwa na habari kamili. Aibu ni yangu, sibishi. Miaka hiyo ya thelathini nilikuwa dereva wa Bwana Salim, mtu wa pwani mwenye duka pale Kibwezi, na dereva siku zile hakuwa mtu wa hivi hivi, alitembea kifua mbele hata akienda chooni.

Nilimpenda Ndunge, binti wa Mzee Mutua wa Mbooni. Mzee hakunipenda. Alisema watu wa motokaa hawana shamba wala zizi, leo wako hapa kesho Mombasa, na isitoshe kulikuwa na kijana mwingine wa huko huko milimani, mwenye mahindi na maharagwe yake, anangoja tu nianguke. Akanitumia neno kwamba ananipa siku moja: nilete mbuzi wa posa kabla jua halijazama, wazee wakiwa bado wamekaa, nikikosa nisikanyage tena kwake. Nikajibu (mdomo huu!) kwamba mbuzi wangu hawatembei, watapanda gari.

Bwana Salim akaniazima gari lake, mbele chuma, nyuma nyumba ya mbao, akanionya kwamba petroli iliyomo itanifikisha Mbooni na kunirudisha Makindu, mradi tairi ziwe ngumu na juu ya paa kusiwe na kitu. Nikaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Mjomba wangu Kilonzo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wangu kwa wakwe, akasema mbuzi tuwaweke nyuma tukae nao. Mimi, na suti nyeupe niliyoazima kwa karani wa stesheni, nikae na mbuzi? Nikafunga tenga la fito juu ya paa, refu kama ghala la mahindi, nikawapandisha mbuzi humo pamoja na vibuyu vya pombe ya asali, ili barabara kuu yote ione anayepita ni nani.

Sasa kabla ya Makindu kuna mto wa mchanga, na kila dereva anajua kazi yake pale: unapunguza upepo kwenye tairi ili zisizame, unavuka, ng'ambo unatoa pampu unajaza tena. Nilivuka vizuri sana. Kisha nikaiangalia pampu, nikaiangalia suti, nikamwambia mjomba kwamba tairi laini ni nzuri, hazitikisi vibuyu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Maana kutoka pale injini ililia njia nzima, mguu wangu uko chini kabisa na gari haliendi, tairi zimelala zinajikokota, na lile tenga huko juu linakinga upepo wote wa tambarare ya Emali (mbuzi nao wamesimama, wanatazama nchi). Mjomba akauliza mbona kelele ni nyingi na mwendo ni mdogo, nikamwambia hiyo ndiyo raha ya safari. Tukaiacha barabara kuu, tukafika chini ya mlima wa Mbooni, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nilichovya kijiti kwenye tangi, kikatoka kikavu.

Mjomba alitazama jua, akanitazama mimi. Mara tukaona wanawake wanatoka shambani na vyondo vyao vya mazao mgongoni, na mjomba ni mtu wa kuita watu, akawaita waje wasukume. Wakaja wanacheka. Nikashuka niwasalimu, nikamtambua aliyetangulia.

Kwetu Ukambani kuna nthoni: mkwe na mama mkwe hawakutani ana kwa ana, hata njiani, kila mmoja hujificha mwenzake apite, na ukiikosea heshima hiyo kabla posa haijapokelewa, umekwisha. Ndunge alikuwa amenionyesha mama yake kwa mbali sokoni, nijue wa kumkimbia. Basi nikakimbia. Niliruka kichaka cha miiba, nusu ya suti ikabaki imenaswa nje, na yeye alipoona mbuzi juu ya paa akajua hilo ni gari la nani, akajifunika leso usoni, akaingia kichaka cha upande wa pili. Gari likabaki katikati, mbuzi wanalia, jua linashuka, na wale wanawake wengine wamekaa chini kwa kicheko, hakuna wa kusukuma. Niliogopa, nawaambia kweli, nilimwona Ndunge akienda kwa yule wa maharagwe.

Mwishowe mama akazungumza na mjomba, kwa kuwa na mimi haiwezekani.

"Mwulize huyo aliye kwenye miiba, anamtaka binti yangu au analitaka gari?"

Nikamnong'oneza mjomba aseme namtaka Ndunge.

"Basi mbuzi wana miguu. Wapande nayo."

Tukawashusha. Wanawake walitangulia na mbuzi na vibuyu, mama mbele kabisa na leso yake, mimi nyuma nimejifunika kichwa kwa koti la mjomba nisije nikamwona, najikwaa kila mzizi wa Mbooni. Tulifika wazee wameshashika fimbo waondoke. Mzee Mutua akanizunguka taratibu, akauliza gari liko wapi, nikasema linapumzika. Wazee walicheka mpaka mmoja akarudi kukaa. Ndipo sauti ya mama ikatoka ndani ya nyumba, ikisema kwamba kijana aliyejitupa kwenye miiba badala ya kumkosea heshima si mhuni.

Mzee aliwahesabu mbuzi kwa ncha ya fimbo.

"Hawa nimewapokea," akasema. "Lakini waliobaki wa mahari hawataletwa na mashine. Utawatembeza mwenyewe, mpaka wa mwisho."

Siku hizi juu ya paa langu hapakai kitu, hata kofia, na tairi nazijaza upepo kabla ya chai, hicho ndicho kiapo changu tangu jioni ile. Lakini kiapo kilikuja kimechelewa. Mahari ya Ndunge niliitembeza kutoka Kibwezi hadi Mbooni, msimu baada ya msimu, dereva mzima na fimbo mkononi, kando ya barabara yangu mwenyewe, na madereva wenzangu wote walikuwa na habari, na kila aliyenikuta nyuma ya mbuzi alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaniuliza kwa upole kama petroli imeisha.