Barua ya Meli ya Nile Iliyokaa Sandukuni Matungu

Niliondoka nyumbani Shirere kwa sababu ya bahasha. Wanaonijua kwa kutengeneza matrekta watashangaa, basi nieleze. Nilipokuwa Uingereza nikisomea stashahada yangu ya mitambo, niliyoipata kwa jasho langu bila harambee ya mtu yeyote, nilianza kukusanya barua za kale zilizosafirishwa mitoni kwa meli za moshi. Ninazo za Kongo, ninazo za Nile. Sikuwa na hata moja iliyoandikiwa mtu wa kwetu. Ndipo Idi, dereva wa trekta la miwa, akaniambia kwamba mama yake ana barua ya mjomba aliyekuwa akichochea moto katika meli za Nile, huko Sudan. Tena haijawahi kufunguliwa. Kwa mkusanyaji, bahasha kama hiyo ni lulu.

Saa moja asubuhi nilikuwa barabara ya Mumias juu ya pikipiki yangu. Miaka ile watu walipanda miwa hadi mlangoni, kisha unga wakanunua sokoni. Trela zilidondosha miwa kila kona, nami nilizipita zote.

Saa nne nilifika Matungu. Nilitoa salaam aleikum yangu vizuri, Bi. Zuhura akaitikia, akanipima kwa macho.

“Wewe ndiye Idi anasema hakuna mashine inakushinda?”

“Ndiye mimi, mama,” nikajibu, kwani ni kweli.

Alitoa barua sandukuni. Muhuri wa posta ya meli ulikuwa mviringo kamili, wino haujafifia.

Kisha akanisimulia. Siku moja, akiwa bado msichana, kuku wa mama yao alipotea. Kaka yake Juma, yule mjomba wa Idi, akasema Zuhura ndiye aliyeacha kibanda wazi, naye Zuhura akachapwa. Kwa hasira alimwambia Juma mbele ya watu aende asirudi. Juma akaenda. Habari za kifo chake zilitangulia, barua ikafuata baada ya mwezi. Mama yao alikataza isifunguliwe, isije ikawa na laana. Mama naye alifariki, na Bi. Zuhura akarithi sanduku pamoja na woga.

“Wewe umesoma,” alisema. “Nifungue ama niache?”

Nilimwambia aache. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu kwamba maneno ya marehemu ni heri yapumzike. Nilichokuwa nikiwaza ni gundi ya bahasha tu.

Akaivuta barua kwake.

“Wewe unaogopea karatasi ya juu,” alisema. “Mimi nimeogopa ya ndani tangu nikiwa msichana. Mmoja wetu aache kuogopa.”

Akapitisha kidole gumba, akachana katikati ya muhuri. Nilifumba macho kama mtu anayeona trekta likiingia mtaroni.

Alinipa nisome. Ilikuwa kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na stashahada yangu yote haikunipa herufi hata moja. Bi. Zuhura aliichukua, akafuata mistari kwa kidole kama alivyofunzwa madrasa. Juma aliandika kwamba yu mzima, joto la tanuri lilikuwa kali, kuni zilipakiwa usiku na mchana. Kisha:

“Mwambieni Zuhura kuku nilimuuza mimi, akawa nauli yangu. Nikirudi nitamletea wawili.”

Aliisoma mara tatu. Akacheka hadi mkwe wake akatoka jikoni kutazama.

“Mwizi huyu,” alisema, akijifuta machozi kwa leso. “Mwizi huyu.”

Saa saba tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga. Kuku hachinjwi leo, aliniambia, yeye anangoja kwanza wale wawili wa Juma. Nilipoaga alinipa bahasha: karatasi ya juu iwe yangu, ya ndani ibaki yake.

Jioni, nyumbani Shirere, niliiweka ukurasa wa kwanza wa albamu yangu, mbele ya zile nzima. Bado hakuna mashine inayonishinda. Lakini siku ile nilikuwa tayari kumwachia mama mzee woga wake ili nipate karatasi safi, na hilo sikulijifunza Uingereza. Nilikwenda nalo Matungu mwenyewe, nikarudi nimelijua.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na kuku wawili nimewafunga nyuma ya pikipiki. Bi. Zuhura aliwaona, akainama kuwafungua kamba miguuni.

“Mmechelewa,” aliwaambia.