Akchuali, na Kitanda cha Mninga

Siku niliyofunuliwa siri ya kupata kazi ofisini naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu naomba asisome hapa. Nilikuwa Keko, kwenye karakana ya samani kando ya barabara, nimekaa juu ya lundo la takataka za randa, nakula muhogo wa kukaanga. Sudi, aliyekuwa mpakaji wetu wa vanishi, akasogea karibu, akatazama kushoto na kulia, akaninong'oneza.

"Kondo, unajua kwa nini meza za maofisini zina ule ubao wa mbele, unaoshuka mpaka karibu na sakafu?"

Nikamwambia sijui, ingawa meza za namna hiyo nilikuwa nimeshatengeneza kama elfu moja. Au tuseme kumi na mbili.

"Wanaokuhoji wanahesabu kwa vidole chini ya meza," akasema. "Kila ukitamka lile neno la Kiingereza, akchuali, kidole kimoja. Ule ubao ni wa kukuficha usione. Ukifikisha vidole vitatu, unakuwa mlinzi. Vitano, karani. Vikifika kumi, braza, unapewa ofisi yenye kiyoyozi na mtu wa kukuletea chai."

"Na kumi na moja?"

Sudi akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi. "Vidole viko kumi tu, bwana."

Mwanangu, niliamini. Niliamini kwa moyo, kwa ini na kwa figo zote mbili. Ningeachaje kuamini, na ubao wenyewe nimeupigilia misumari kwa mikono yangu?

Nayaeleza haya leo kwa sababu juzi nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Madale, nikamsikia mjukuu wangu Neema chumbani anajihoji mwenyewe mbele ya simu. Jumatatu ana usaili wa kazi. Katika dakika moja alisema akchuali mara kumi na nne. Sikuhesabu kwa vidole, maana vingeniishia. Nilipomuuliza, akacheka, "Babu, ndiyo wanavyoongea watu wa ofisini." Nikamwambia aje akae, nina habari ya kitanda.

Basi, mie wakati ule nilikuwa kijana wa randa mchana na wa daftari jioni. Saa kumi na moja nilikuwa najikung'uta vumbi, nakwenda darasa la watu wazima kwenye shule moja ya msingi huko huko Temeke. Tulikuwa tunakalia madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Aliyetufundisha Kiingereza alikuwa Mwalimu Perpetua, mama mmoja Mchaga, mwembamba, mpole, ila akikutazama juu ya miwani unakumbuka dhambi za darasa la pili.

Baada ya siri ya Sudi, mazoezi yangu hayakuwa na mapumziko. Nilikwenda kwa mama wa chai: "Akchuali, naomba maandazi mawili." Nilipishana na mzee mtaani: "Akchuali, shikamoo." Mzee wa watu akaitikia marahaba huku amevuta mfuko wake karibu na kifua. Kwenye karakana wakaniita Bwana Akchuali, na mie nikadhani wananionea wivu.

Mwezi huo huo Mwalimu Perpetua alikuja Keko kuagiza kitanda. Mama yake, bibi wa watu kutoka Rombo, alikuwa ameanguka, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na sasa alikuwa anakuja kukaa na mwanawe hapa mjini. Daktari alisema alale kwenye kitanda cha juu, kigumu, kisichotikisika. Na asianguke tena. Hilo Mwalimu alilisema mara mbili: asianguke tena.

Mwenye karakana, Mzee Abeid, Mwarabu wa Temeke ambaye hata babu yake kazaliwa Temeke, akanitazama. "Kijana, kitanda hiki utakitengeneza wewe. Peke yako. Ukikifanya vizuri, kuanzia hapo wewe ni fundi, si msaidizi." Akanichagulia mbao za mninga zilizokuwa zimelala ghalani mpaka zikakauka. Kwa kitanda ni lazima iwe hivyo. Ubao mrefu wa ubavuni, ambao sie tunauita mfumbati, unachongwa ncha yake, inaitwa ulimi, unaingia kwenye tundu la mguu wa kitanda. Ukiwa mkavu, unakamata kama meno ya mamba. Ukiwa mbichi, siku ya kwanza unakamata vilevile, hakuna atakayejua. Lakini ukikauka unasinyaa. Ulimi unalegea, na siku moja mtu anakaa pembeni avae kandambili, na kitanda kinamwachia.

Sasa sikia nilichofanya. Nilikuwa nakata mfumbati wa pili huku najihoji kichwani. Nimefika kidole cha nane, naiona ofisi, nakisikia kiyoyozi, nikapima vibaya. Nilipoinua msumeno, ubao ulikuwa umepungua shibiri nzima. Ghalani hapakuwa na mninga mwingine mkavu wa urefu ule. Palikuwa na shehena mpya iliyoshushwa wiki hiyo hiyo, mbao baridi, nzito, ukiweka shavu unasikia maji. Nikatazama huku na huku kama Sudi, nikachukua mmoja. Ule mfupi nikausukuma chini ya lundo la takataka za randa.

Jumatano Mwalimu alikuja kukagua. Kitanda kilikuwa kimeshapakwa vanishi, kinang'aa mpaka inzi anateleza. Akakishika, akakitikisa, kikatulia. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Kondo, mbao zote zimekauka?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipopotea. Kama ningejibu kwa Kiswahili, nadhani ulimi wangu ungekataa. Nikajibu kwa Kiingereza, kifua mbele: "Akchuali, madam, zote zimekauka kabisa."

Akatabasamu. Nadhani alifurahi kusikia mwanafunzi wake anavyojiamini. Jioni ile ile kikapelekwa nyumbani kwake Kawe, na Mzee Abeid akanishika bega mbele ya mafundi wote, akaniita fundi. Nilijisikia kama nimevaa suruali ya mtu mwingine.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda darasani. Mwalimu alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. "Mama yangu anaingia Jumamosi," akatuambia, "na kitanda chake kimetengenezwa na mwenzenu huyu, Kondo." Darasa zima likanipigia makofi. Kisha akageukia ubao, akaandika neno moja kubwa. Akchuali.

"Neno hili," akasema, "naona mnalipenda sana. Wengine mnalitia hata kwenye salamu." Watu wakageuka kunitazama. "Leo tulijue. Mwenye Kiingereza chake halisemi ili aonekane msomi. Analisema pale anapojua kwamba wewe unafikiri jambo fulani, na yeye anataka kukupa lililo la kweli. Unafikiri mie ni Mhaya; akchuali, ni Mchaga. Unafikiri chai hii ina sukari, akchuali, haina. Pengine hata mwenyewe ulikuwa unafikiri vingine: ulijua utafeli, kumbe umefaulu, hapo nalo linafaa. Na ukitaka kumsahihisha mkubwa bila kumvunjia heshima, unaliweka mbele, polepole. Kwa Kiswahili tungesema kwa kweli, au hasa, au kumbe. Kwa hiyo ukilitamka, msikilizaji anaacha alichokuwa anakifikiri na kushika unachompa. Amekuamini. Sasa kila mmoja anitungie sentensi moja ya maisha yake. Tunalofikiri sisi, kisha la kweli."

Wakaanza. Mama mmoja muuza mitumba akasimama: "Mnafikiri nina miaka arobaini. Akchuali, nina thelathini na tisa." Tukacheka mpaka madawati yakalia. Askari mmoja wa ulinzi akasema wanafikiri haogopi mbwa, akchuali anawaogopa. Zamu ikawa inanijia, dawati kwa dawati, na mie nilikuwa na sentensi yangu nzuri tayari, ya kumtaja meneja na kiyoyozi.

Nikasimama. Nikamwona Mwalimu ananitazama vile vile alivyonitazama Jumatano, kwa furaha. Nikamwona na bibi nisiyemjua, amekaa pembeni ya kitanda, anatafuta kandambili kwa mguu.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuchonga kwa shoka, lakini kilitoka: "Madam, unafikiri mbao za kitanda cha mama zote ni kavu. Akchuali, mfumbati mmoja ni mbichi. Ule mkavu niliukata vibaya, nikauficha. Jana nilikudanganya."

Mwalimu akavua miwani.

"Rudia," akasema.

Nikadhani ndiyo adhabu imeanza.

"Rudia kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Nilipomaliza, akavaa miwani yake. "Sentensi ni sahihi," akasema. "Kaa. Anayefuata."

Kipindi kilipokwisha akaniita mezani kwake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mama anapanda basi keshokutwa alfajiri, Kondo. Utafanya nini?"

"Sijui, madam."

"Basi anza na Mzee Abeid. Mwambie sentensi ile ile. Kwa Kiswahili, asije akasema hakuelewa."

Ijumaa asubuhi nikamwambia Mzee Abeid. Alikuwa anakunywa kahawa. Akaweka kikombe chini polepole sana, nami nikaanza kufikiria nitakwenda kuuza nini na wapi. "Haya ningeyasikia kwa mteja," akasema, "ungekuwa umeshaondoka hapa, na randa ningekutupia njiani. Nimeyasikia kwako." Kisha akainuka, akatembea mpaka barabarani, kilipokuwa kitanda chetu cha maonyesho. Mwanangu, kile kitanda kilikuwa kizuri mpaka magari yalikuwa yanapunguza mwendo. Wateja nusu ya Dar walikuwa wameletwa na kitanda kile. Akakipigapiga ubavuni.

"Mninga, na umekauka kabla hujajua kushika nyundo. Ung'oe mfumbati huu."

"Lakini mzee, hiki si ndicho..."

"Ung'oe. Nyundo ya mbao hiyo hapo."

Siku ile nilifanya kazi kama watu watano. Kitanda cha barabarani kikabaki kimeinamia upande mmoja kama mlevi, wapita njia wanatucheka, na Sudi akawa anapaka vanishi huku ametoa ulimi nje kama mtoto, hata hakuniuliza habari za vidole. Jumamosi saa tano nilikuwa Kawe, nimeshapachika mfumbati mpya, nimeshapanga chaga, zile mbao za kubebea godoro, na godoro lenyewe. Nikalala juu yake mwenyewe, nikajigeuza, nikarukaruka kama mwendawazimu. Hakikunung'unika.

Jioni ile bibi akafika, anatembelea fimbo mbili. Mwalimu akamsindikiza mpaka chumbani. Nikasimama mlangoni. Akakaa pembeni, pale pale nilipokuwa namwona kichwani. Akajisogeza. Akapiga godoro kwa kiganja.

"Hiki hakilii," akasema kwa lafudhi yake ya Rombo. "Nani kakitengeneza?"

"Fundi Kondo, mama," akasema Mwalimu. Alisema fundi.

Bibi yule alilala pale miaka mingi. Fimbo ya kwanza aliiacha baada ya miezi mitatu, ya pili aliibakiza kwa ajili ya kuwatisha kuku. Na ule mfumbati mbichi niliusimamisha ukutani pale karakanani, niuone. Ulipokauka ulipinda hivi kwamba ungeweza kuchotea uji. Ninao mpaka leo, umetundikwa juu ya mlango wangu, chini ya cheti changu cha masomo ya jioni. Wageni wanadhani ni upinde wa ukoo.

Sasa, Neema, na wewe mwenzangu unayesoma, nasaha yangu ndiyo hii. Kiingereza jifunze, tena kwa bidii. Mie kimenifikisha kwenye zabuni ambazo randa peke yake isingenifikisha. Lakini usichukue neno la watu wanaloletea ukweli ukafunikia uongo. Ukiwa huna la kusahihisha, sema tu sentensi yako, inatosha. Na ukiwa umekosea, usingoje godoro litandikwe. Sema mapema, aliyekosewa apate muda wa kutafuta ubao mwingine. Neema nilimwambia anisomee barua yake ya maombi. Alikuwa ameandika kwamba anajua Kifaransa. Nikamwomba aniongeleshe. Akasema bonjur, akakwama hapo, tukacheka wote. Barua wenye kazi wanayo tayari, lakini ameamua mwenyewe kwamba Jumatatu, kabla hawajamuuliza, atasema: mnafikiri najua Kifaransa, akchuali, sijui bado, ila nimejiandikisha darasa. Naye kajiandikisha kweli, jana, la jioni. Nimeona risiti.

Mungu akufungulie, mjukuu wangu, na nyote mnaokwenda kukaa mbele ya meza za watu wiki hii. Akuwekee mtu wa kukusikia upande wa pili. Kazi utakayopata ikae imara, ulale juu yake usisikie mlio.

Ila nisije nikakuacha na ile siri ya Sudi. Jioni ile ya Jumamosi, Mwalimu aliponitoa mpaka barazani, nilijikaza nikamuuliza. Nilijua yeye amewahi kukaa upande wa wanaohoji. "Madam, vile vidole wanavyohesabu chini ya meza, mtu akichanganya akchuali za kweli na za uongo, zote zinahesabiwa?"

Ikabidi nimweleze mwanzo mpaka mwisho. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, bibi akauliza kutoka ndani kuna nini.

"Kondo," akasema alipopata pumzi, "hakuna anayehesabu kitu. Chini ya meza mie nilikuwa najikuna mbu. Ule ubao ni wa kuficha magoti tu."