Kijiji Kilichofunikwa kwa Rangi ya Kijani

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko makubwa. Hapana, nasema uongo, mafuriko yalikuja miaka kadhaa baadaye. Huu ulikuwa mwaka serikali ilipogawa mikoa upya, ikatoka mitatu ikawa minne, ingawa nchi yenyewe haikuongezeka hata shubiri. Ndio mwaka pantoni ilipohamishwa, na pantoni kuhamishwa ndiko kulikomuua mama yake Brashi.

Nchi ile unaweza kuieleza yote ukiwa unasubiri chai ipoe. Juu kuna mlima mmoja uliojitanda mawingu siku zote, chini kuna bahari, na katikati mto mpana unaoikata nchi vipande viwili kama mkate. Joto lake linapinda milango, mvua yake inaotesha majani ukutani. Watu si wengi, na kila mmoja ni shemeji au mkwe wa mwenzake, ndiyo maana wakikutana hawaanzi na jina. Huanza na, "Kwenu wapi?" Ukishasema kwenu, umeshajulikana wewe, babu yako na tabia zako. Serikali nayo ilikaa katika jumba moja la ghorofa tatu. Kodi chini, elimu katikati, mawaziri juu kabisa wapate upepo.

Brashi alikuwa mchora mabango. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita Brashi akiwa na hasira, Baba Watoto akiwa na haja. Kila kibao cha kinyozi, kila ubao wa shule na kila "Usikojoe Hapa" katika mji mkuu kilitoka mkononi mwake. Kwao kwenyewe kulikuwa kijijini, pale kwenye kivuko, ambapo pantoni pekee ya nchi nzima ilikuwa ikivusha watu, ng'ombe na magari, ikivutwa kwa waya mnene kutoka ukingo hadi ukingo. Hospitali ya maana ilikuwa ng'ambo.

Basi mwaka huo binamu yake, mtoto wa mjomba wake, alikuwa amepanda cheo na kuwa naibu waziri wa ujenzi. Watu wakaacha kumwita jina, wakamwita Mheshimiwa, naye akaacha kuitika kwa kitu kingine. Mheshimiwa alitia saini, pantoni ikashushwa mtoni hadi kijijini kwake yeye, huko bondeni, mwendo wa nusu siku kwa mguu. Tangazo lilisomwa redioni. Redio ya kijiji cha Brashi haikuwa na betri.

Mama yake Brashi akashikwa na tumbo alfajiri, Brashi akiwa amekwenda kijijini kumsalimia. Wakambeba kitandani, wanaume wanne na Brashi wa tano, wakashuka naye mbio hadi kivukoni. Walikuta nguzo mbili na waya uliokatwa, umejikunja kwenye matope. Mzee mmoja aliyekuwa anafua alinyoosha kidole kuelekea bondeni. Wakageuka, wakafuata ukingo. Mama akawa anauliza, "Tumeshavuka?" Brashi akawa anamjibu, "Bado kidogo, mama." Kabla hawajafika nusu ya njia, akaacha kuuliza.

Mheshimiwa alikuja msibani na gari la serikali. Akamshika Brashi bega, akasema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Kazi ya Mungu haina makosa, binamu."

"Ya Mungu, ndiyo," Brashi akajibu.

Waliokaa karibu wakainamisha vichwa. Mheshimiwa akaondoa mkono wake begani, akatazama saa.

Toka siku hiyo Brashi hakugombana na mtu. Akirudi kazini anaosha brashi zake kwa mafuta ya taa, anakula, analala. Kisasi chake kilikuwa kama rangi ya mafuta, hakikauki upesi, lakini kikikauka hakitoki kwa sabuni. Mkewe ndiye aliyeona.

"Ndugu wakigombana, mimi nachukua jembe nikalime," akamwambia. "Ila wewe hugombani, unanyamaza. Ndicho kinachonitisha. Mtukane mara moja yaishe!"

"Matusi yanasahaulika, mama watoto."

"Sasa unataka nini? Afe?"

"Akifa atapata nini cha kujifunza?" Akaendelea kukata kucha.

Miaka ikapita. Mheshimiwa akawa waziri kamili, akanenepa shingo, akajenga mjini nyumba yenye geti. Ndipo serikali ilipotaka kusherehekea miaka ishirini ya bendera, ikaamua ichorwe ramani ya nchi yote kwenye ukuta mkubwa wa nje wa lile jumba, mwananchi apite aone nchi yake. Kazi akapewa Brashi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayeweza kusimama juu ya ngazi ndefu na kuandika herufi zilizonyooka. Msimamizi alikuwa afisa mmoja mfupi mwenye tai pana, watu wakimwita Bwana Mipango.

"Brashi, hili si tangazo la sabuni. Hii ni nchi!"

"Nchi, sabuni, Bwana Mipango, vyote vinataka ukuta mkavu."

Akausugua ukuta kwa msasa, akaupaka chokaa, akausubiri ukauke. Akapiga mistari kwa uzi uliokolezwa chaki, unauvuta, unauachia, tap! mstari umenyooka. Ukuta mzima ukawa miraba. Karatasi ya ramani aliyopewa nayo aliigawa miraba vilevile, midogo, halafu akawa anahamisha mraba kwa mraba, kilichomo kwenye mdogo akikikuza kwenye mkubwa. Ndivyo wachora mabango wanavyofanya, na ndivyo ilivyokuwa balaa, maana Bwana Mipango alikagua kazi kwa kuangalia mraba upi umejaa rangi na upi bado ni mweupe. Mraba ukijaa, umekwisha. Ndani ya mraba hakuangalia. Jua lilikuwa kali, na tai inabana.

Brashi akachora mlima na mawingu yake. Akachora bahari, akatia na samaki wawili ambao hawakuwemo kwenye karatasi, Bwana Mipango akawapenda. Akachora mji mkuu kwa duara jekundu, vijiji kwa vitone vyeusi, kila kitone na jina lake. Kijiji chake cha kivukoni akakiwekea kitone kizito kidogo kuliko vingine. Kisha akashuka na mto, akafika bondeni.

Akasimama juu ya ngazi kitambo. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanapita chini na vikapu vyao, mmoja akamsalimia, naye akaitikia vizuri kabisa. Halafu akachovya brashi kubwa kwenye rangi ya kijani, ile ya msitu, akapaka. Akarudia mara ya pili ishike. Kijiji cha Mheshimiwa, nyumba zake, pantoni yake, vyote vikawa msitu mnene. Akachora na mti mmoja mzuri mwenye kivuli. Alisema baadaye kwamba mkono wake haukuwahi kutulia vile tangu aanze kazi.

Siku ya sherehe pazia likaanguka, watu wakaurukia ukuta. Kila mmoja akatafuta kwao. Wazee waliinuliwa mabegani waguse kitone chao. "Kwetu hapa! Ona, kwetu hapa!" Akina mama walipiga vigelegele kwa kuona jina la kijiji ambacho wenyewe walikikimbia kwa kukosa maji. Rais mwenyewe akapewa fimbo, akaonyesha kwao, akapigiwa makofi. Akageuka, akampa fimbo aliyekuwa ubavuni mwake.

"Haya, Mheshimiwa. Na kwenu wapi?"

Mheshimiwa akaipokea kwa tabasamu. Akaanzia mlimani, akiteremka na mto taratibu, kama mtu anayewachelewesha watu utamu. Fimbo ikafika bondeni, ikasimama. Ikapanda. Ikashuka tena. Ikazunguka ule mti. Jasho likaanza kumtoka nyuma ya masikio.

"Mheshimiwa kapotea kwao!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

"Labda kwao huzama mvua ikinyesha!" mwingine akadakia.

Umati ukacheka, kile kicheko kinachoanza kwa mmoja kikamalizwa na wote. Rais naye akatabasamu, akangoja. Hapo Mheshimiwa alikuwa na njia mbili. Aseme kijiji chake kimesahauliwa, na yeye ni waziri, kazi ya ukuta ilipita ofisini kwake na aliipitisha bila kuitazama. Au aseme kingine. Akachagua kingine.

"Ni hapa hapa, Mzee," akasema, akigonga ule mti kwa fimbo. "Sisi watu wa bondeni tunapenda kivuli. Ramani ni sahihi kabisa."

Rais akacheka, akampigapiga mgongoni. Brashi alikuwa amesimama kando na ndoo yake. Macho yao yakakutana. Mheshimiwa alijua. Na alijua pia kwamba ameshafungwa mdomo na maneno yake mwenyewe, kwa kuwa akiagiza kitone kiongezwe, atakuwa amemdanganya Rais mbele ya nchi nzima. Kuanzia jioni hiyo watu wakamwita Mheshimiwa wa Kichakani. Watoto wakimwona kwenye gari wanajificha nyuma ya miti na kumwita.

Brashi alirudi nyumbani akala sahani mbili.

"Umefanya nini leo?" mkewe akauliza kwa wasiwasi.

"Nimechora mti."

Mwaka uliofuata, ndio huo wa mafuriko, serikali ikahesabu watu. Ramani za kuwagawia makarani zilikuwa zimefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mkubwa wao aliyekwenda masomoni nje. Kuvunja kabati la serikali ni kosa. Basi makarani wakatoka nje na karatasi zao, wakasimama mbele ya ule ukuta wakanakili. Vitone vyote vikapata karani. Msitu haukupata, kwani nani ahesabu nyani?

Watu wa bondeni walingoja, wakaona hakuna anayekuja, wakashukuru wakidhani wameponea kodi. Hesabu ilipotoka, jimbo la Mheshimiwa likaonekana limepungukiwa watu kiasi cha kutostahili mbunge. Likaunganishwa na la jirani, na la jirani lilikuwa na mbunge wake. Mheshimiwa alipiga kelele ghorofa ya tatu, akaambiwa alete ushahidi kwamba kijiji kipo. Akasema, "Nimezaliwa pale!" Bwana Mipango, kwa adabu zote, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema ramani ni sahihi kabisa.

Akatoka bungeni. Gari likarudi serikalini, nyumba yenye geti ikawa ya mwingine. Wahandisi nao, waliokuja baada ya mafuriko kutafuta mahali pa daraja, wakaona hakuna sababu ya kulipeleka msituni wala kwenye nguzo mbili tupu za kivuko cha zamani. Wakalijenga juu, karibu na mlima. Pantoni ikaachwa ioze. Watu wa bondeni wakawa wanatembea siku nzima kufika hospitali, kama wale wa kivukoni. Mkewe Brashi akamwuliza kama haoni huruma kwa hao wasio na hatia. Akasema, "Pantoni ilipofika kwao walipiga ngoma. Hakuna aliyeuliza imetoka wapi." Wala hakulala vibaya usiku huo.

Mchana mmoja, miaka mingine ikiwa imekwenda, mlango wa karakana yake ukazibwa na mtu. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, fimbo mkononi. Brashi alikuwa anachanganya rangi, akamtambua kwa namna ya kusafisha koo.

"Hodi, binamu."

"Pita. Angalia kopo hilo, lisikuchafue."

Akakaa juu ya kreti. Kisha Mheshimiwa akasema amefungua kigenge cha chumvi na mafuta huko bondeni, na anataka kibao.

"Kiandikwe nini?"

"Jina la kijiji tu. Wageni wajue wamefika."

Brashi akacheka, akacheka hadi akaweka brashi chini. Ndicho alichokuwa anakingoja miaka yote, mtu huyu aje mwenyewe kwa miguu yake, aombe kitone. Akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Rangi nyeusi imeisha," akasema. Kopo la nyeusi lilikuwa katikati yao, limejaa.

Mheshimiwa akalitazama lile kopo, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali hesabu. "Haki yako," akasema. "Lakini mimi shangazi nilimpenda, binamu. Hilo unalijua. Hata wiki ile kabla hajafa nilipita kwake, nikala, akanifungia na chakula cha njiani."

Brashi hakuwa na habari ya ziara hiyo. Mama hakuwahi kumwambia. Hasira aliyodhani ameshaimaliza ukutani ikapanda upya, mbichi kama ya siku ya kwanza, na safari hii hakukuwa na ukuta wa kuipaka. Akasogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana, akauliza.

Mheshimiwa akajiinua kwa fimbo yake, akatoka. Mwezi haukuisha akafa. Brashi alikwenda msibani akamwuliza mjane, naye akasema, "Sijui, shemeji, kazi zake hakuwa ananiambia." Akapanda ghorofa ya tatu akamwuliza Bwana Mipango, ambaye sasa alikuwa mzee bila tai, naye akasema mafaili ya miaka ile yalikwenda na maji. Mpaka leo akikutana na mtu yeyote wa bondeni anamsimamisha njiani na kumwuliza lile lile alilomwuliza binamu yake: alipokaa kwenye mkeka wa mama, akala kwa mkono wake, akapokea na cha njiani, saini alikuwa ameshaitia?