Jirani Aliyewachukia Wakomunisti

Mwaka tuliohamia mtaa wa Castle Vale, Uingereza, ndio ule tuliopika pilau kwa mchele wa pudini, ule mfupi wa kupikia uji wa maziwa, maana mwingine haukupatikana, na kila sufuria ikitoka bokoboko. Nilimpelekea sahani jirani yetu, mtu wa Ulaya ya Mashariki aliyekuja kufanya kazi kiwandani baada ya vita vya Hitla. Kwetu Unguja sahani ya jirani hairudi tupu. Kumbe na kwao vivyo hivyo: yangu ilirudi na matango ya siki.

Akaniuliza nimekimbia nini. Nikamwambia mapinduzi, wakomunisti wamechukua duka la baba.

"Na mimi, dada. Hao hao."

Basi, ikatosha. Nilidhani aliyewakimbia wakomunisti hana kosa jingine duniani. Miaka ishirini na kitu sahani zilivuka ua. Alinizibia bomba, tukachekana Kiingereza, mimi chake na yeye changu.

Alikufa zamani. Mwaka huu binti yake, naye sasa bibi kama mimi, akaja na barua ya kupeleka kaunsili ya mji. Anataka benchi bustanini, na kibao cha kusema baba yake aliteswa na wakomunisti. Majirani wa zamani nimebaki mimi tu, nitie sahihi. Akaleta na makaratasi ya baba yake ya kuingilia nchini, yawe ushahidi.

Mimi niliishia darasa la nne. Mjukuu wangu anasoma historia chuo kikuu, na niacheni nijivune. Nikampa, akayasoma yote. Siku zote hunijibu Kiingereza; siku hiyo alisema Kiswahili.

"Bibi, alikuwa polisi wa Wajerumani. Waliwatoa Mayahudi majumbani mwao kwenda kuuawa."

"Na Waingereza walijua?"

"Imeandikwa humu. Wakamuuliza kama anawachukia wakomunisti. Akasema sana. Wakampa kazi."

Nikaona haya. Mimi nami sikumuuliza zaidi ya hilo.

Binti aliporudi kuchukua barua, nikamwambia tuliyoyasoma.

"Anti, wewe ulimpenda," binti akasema.

"Nilimpenda."

"Na kaka yake baba wakomunisti walimuua kweli."

"Naamini. Na hao aliowatoa majumbani, nani kawawekea benchi?"

Akalia. "Sahihi moja tu, anti."

"Nilimlisha, lakini simsafishi."

Nikammiminia chai. Akanywa, akafuta macho, akanisogezea kalamu taratibu, kama anayembembeleza mtoto ale.

"Nilimlisha, lakini simsafishi."